Lame Nane Nilizoziacha Chini ya Kundelungu

Tangu nirudi, kila anayepita mbele ya gereji yangu hapa Annexe, Lubumbashi, anainama kuchungulia chini ya gari langu, kisha ananitazama kwa huruma kama nimefiwa. Naelewa. Mimi ndiye Papa Lame. Miaka zaidi ya ishirini nimeyaongezea magari ya mji huu lame, zile springi bapa za chuma zinazolala moja juu ya nyingine kwenye ekseli ya nyuma na kubeba mzigo. Mwenye makaa akija, namwongezea. Mwenye mahindi akija, namwongezea, na kila lame ninayoitia naipiga alama ya L kwa tindo ili watu wajue ni kazi ya nani. Gari langu mwenyewe lilikuwa na saba kila upande, na nililiringia. Leo zimebaki tatu tatu, gari linayumba hata kwenye kashimo ka kuku, na ninyi rafiki zangu mnataka kujua nani kaniibia. Hakuna aliyeniibia. Kaeni niwaeleze, ila msiniharakishe, maana mgongo wangu bado haujafika nyumbani.

Mambo ya karatasi za hospitali nayaruka. Jueni tu kwamba mama mkwe wangu, Mama Chanda, anaishi Mulonde, kijiji kilicho juu kwenye uwanda wa Kundelungu, na kwamba mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili. Daktari wa macho, mgeni, alikuwa Lubumbashi kwa wiki moja. Jina la mama liliandikwa kwa Ijumaa asubuhi. Asipoitika, nafasi inapewa mwingine, na daktari akiondoka hakuna ajuaye atarudi lini.

Na kuna jambo ambalo sikuwaambia kabla ya safari, kwa aibu. Mnajua mimi ni wa Kasai, nimezaliwa hapa hapa mjini. Kwa watu wa mke wangu Georgine, mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawagusani, hawali pamoja, mpaka siku ukoo utakapomwingiza mkwe rasmi kwa chakula na ngoma. Mimi sijaingizwa. Kila mwaka tunapanga, kila mwaka kunatokea msiba. Sasa, kwenye matanga ya kaka yake Georgine, Mama Chanda alipapasa hewani akaushika mkono wangu, akidhani ni wa mwanawe mwingine. Akaushika muda mrefu, akimwaga machungu yake. Mimi nikanyamaza. Nilimwonea huruma, nikasema moyoni, amalize tu. Alipomaliza, mtu mmoja akacheka na kumwambia mkono ule ni wa nani. Tangu siku hiyo mama yule hakutoka tena nje ya uzio wake, asije akamgusa mkwe mwingine. Watu wa Mulonde wanasema macho ndiyo yaliyomfungia ndani. Georgine na mimi tunajua ni ukimya wangu.

Annexe hadi Kasenga

Tuliondoka Jumapili alfajiri, Georgine na mimi, na godoro nyuma kwa ajili ya mgonjwa. Kufika saa nne asubuhi tukakuta lori la unga limelala ubavu katikati ya barabara, matairi yakitazama msitu. Kushoto matope, kulia matope. Dereva wake alikuwa amekaa juu ya magunia anakula muhindi wa kuchoma, ametulia kabisa, akatuambia bosi wake ametuma kamba. Kutoka wapi? Kutoka Lubumbashi. Tukazima gari.

Saa sita nzima tulikaa pale. Jua lilipopanda, mama mmoja muuza chikanda, ile keki ya viazi-mwitu na karanga, alikuja, akalitazama lile godoro tupu nyuma ya gari, akakitazama kitambaa cheusi cha kichwani cha Georgine, akaweka beseni chini na kupiga makofi ya pole.

"Poleni, batoto yangu. Maiti iko wapi? Munaenda kuikamata?"

"Maiti gani?" Georgine akawaka. "Mama yangu iko muzima! Anakula bukari kila siku!"

"Eeh, mama. Njo vile tunasemaka siye bote ku mwanzo."

Hakuna lililomtoa kwenye imani yake kwamba tumefiwa. Alituachia vipande vinne vya chikanda na ndizi mbili, akakataa hata asante, kwa sababu chakula cha matanga hakishukuriwi. Georgine alikataa kula. Mimi nilikula vyote, nanyi mnanijua. Lakini ile pole ilinikaa tumboni kuliko chikanda.

Tuliingia Kasenga jua likizama.

Kasenga, siku isiyokuwa kwenye hesabu

Niliamini Jumatatu tungeondoka mapema. Georgine akasema hawezi kufika kwa mama yake mikono mitupu, akashuka mtoni kutafuta samaki. Mitumbwi ya Luapula ilichelewa kwa sababu ya mvua ya ng'ambo, upande wa Zambia. Tukangoja. Nilikaa juu ya boneti nikiwatazama wanawake wakigombania samaki ambao walikuwa bado mtoni.

Hapo ndipo tulipompata Kabwe. Ni mtu mzima wa miaka yangu, mwembamba, kazi yake kupandisha samaki wakavu Kundelungu kwa kinga, yaani baiskeli. Aliomba lifti mpaka chini ya mlima, yeye na kinga yake na kapu lake. Kabla ya kupanda aliweka viganja viwili nyuma ya gari, akalisukuma chini kwa uzito wake wote. Gari halikutikisika.

"Papa, hii mutoka yako haiiname hata kidogo."

"Njo kazi yangu ile," nikamjibu kwa fahari.

"Bon. Kule ku majiwe tutaona."

Nilidhani amenisifu.

Ngazi za mawe

Njia ya kupanda Mulonde zamani ilikuwa barabara. Mvua za miaka zimechukua udongo wote na kuacha mifupa: ngazi za mawe, nyingine zinafika magotini, na kati ya ngazi na ngazi mashimo. Tulifika hapo Jumatatu alasiri. Niliweka gia ndogo ya magurudumu manne, nikafanya ishara ya msalaba, nikapanda.

Ngazi ya kwanza nilipita. Ya pili ilikaa mshazari. Gurudumu la mbele la kushoto likapanda jiwe, na la nyuma la kushoto lilipaswa kushuka shimoni ili gari lisimame sawa. Halikushuka. Lame saba hazishuki. Lilibaki hewani, linazunguka kama feni, na lenzake la upande wa pili limekaa tu juu ya jiwe bila kusukuma chochote, kwa sababu nguvu yote hukimbilia gurudumu lisilo na kazi. Nikaongeza mafuta. Gari likainama upande mpaka Georgine, aliyekuwa amesimama pembeni, akafunika uso kwa mikono.

Nilijaribu mara tano. Mara ya tano nilirudi chini kinyumenyume, shati limelowa. Nilichoka uchovu wa kutaka kulia.

"Tuache mutoka hapa," nikamwambia Georgine. "Tupande na miguu, tumushushe mama."

"Tumushushe namna gani? Haone hata kidole yake. Na ku kushuka goti yake inakufa."

"Banaume ba Mulonde babamubebe ku kiti, na miti mbili."

Georgine akanitazama kama sijawahi kuishi naye. "Tipoye? Mama yangu? Anasemaka tipoye ni ya bazungu ba zamani na ya bantu benye kufa. Hatapanda."

"Basi mugongoni."

"Ya nani?"

Sote watatu tulikuwa tunajua jibu. Wanaume wa nguvu waliobaki Mulonde wote ni wakwe wa ukoo ule, wameoa pale pale. Hakuna mgongo mmoja pale ambao Mama Chanda angeugusa bila kufa kwa aibu. Na mgongo wangu ndio wa mwisho kabisa.

Kabwe alikuwa anafungua kamba za kapu lake kabla ya kupanda. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini analegeza mzigo mbele ya mawe badala ya kuukaza.

"Papa, kama ninafunga samaki nguvu, kinga inanitupa. Ninalegezaka kidogo. Muzigo unacheza, miye ninapita."

Nikaketi juu ya jiwe, nikamkumbuka mteja wangu. Kuna tajiri mmoja wa mtaa wa Golf ana gari la kuchezea. Siku za mapumziko yeye na wenzake wanapanda nalo miamba, wakishuka wanapanda tena. Aliwahi kuniletea nililegeze nyuma: nipunguze lame, niweke amortisa ndefu za kuzuia mtikiso, ili gurudumu moja liweze kuzama shimoni wakati lenzake liko juu ya jiwe. Nilifanya alivyotaka, huku nikicheka na mafundi wenzangu. Tulisema tajiri anataka gari lililovunjika magoti. Jumatatu ile, nimekaa juu ya jiwe na miguu imenivimba, kicheko kile kilinirudia chote.

Kuzitoa

Jumanne kulipokucha nililala chini ya gari. Jeki moja, mawe ya kutosha, funguo zangu, na Kabwe, ambaye aliamua samaki wake wakavu wanaweza kungoja kwa sababu hawana pa kwenda. Tulipanga mawe chini ya chasisi mpaka ekseli ikaning'inia. Nilifungua amortisa upande wa chini ili zisiivute. Nikang'oa vibanio vinavyozifunga lame zisiachane. Kisha nikalegeza zile boliti kubwa, nilizozikaza mimi mwenyewe kwa bomba la mita moja na matusi, na sasa nilizifungua kwa bomba lile lile na matusi mapya.

Lame zilitoka moja moja. Nne kulia, nne kushoto. Kila moja ina L yake. Georgine alizipanga juu ya nyasi kwa ukubwa, kama anaanika samaki. Hakusema neno, na katika ndoa yetu hiyo ni heshima kubwa. Niliona uchungu, sitaficha. Ni miaka ishirini ya jina langu iliyokuwa imelala pale kwenye nyasi.

Saa tisa tulishusha gari. Kabwe akaweka viganja nyuma, akasukuma. Gari likainama, likarudi.

"Sasa iko mutoka," akasema.

Kupanda

Lilipanda. Nawaambieni, lilipanda polepole, kila gurudumu likitafuta mahali pake kama mtu anayepapasa ngazi kwa kidole cha mguu. Ngazi ya pili iliyonishinda mara tano nilipita bila kuongeza mafuta. Ya tatu, ya nne. Georgine mbele akinionyesha kwa mikono, Kabwe nyuma akisukuma kinga na kucheka peke yake.

Kwenye ya sita nikasikia kishindo kidogo, na kanyagio la breki likazama hadi sakafuni.

Nilikuwa nimesahau kitu ambacho mwanafunzi wa wiki ya pili hakisahau. Mpira wa breki unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli niliukata zamani kwa kipimo cha ekseli isiyoshuka. Sasa ekseli imepewa ruhusa ya kushuka, imeshuka na kuukata mpira. Mafuta ya breki yalikuwa yanadondoka juu ya jiwe, na mimi nimeshika usukani nikijiita majina ambayo siyatamki hapa. Nikaukunja mrija wa chuma unaopeleka mafuta nyuma kwa koleo, nikaugonga mpaka ukaziba. Mbele breki zikarudi baada ya kuongeza mafuta kidogo niliyokuwa nayo. Nyuma, hakuna kitu.

Tukafika Mulonde jioni. Nilikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo na samaki wa Georgine nyuma ya jiko, peke yangu, nimegeuzia uzio mgongo, kama inavyompasa mkwe. Ng'ambo ya uzio nilimsikia Mama Chanda akimuuliza Georgine kama bwana wake amechoka. "Sana," akajibu. "Ambia bwana yako akule na nyama," mama akasema, na kidogo baadaye sahani ya kuku ilizunguka kona ikiwa mikononi mwa mke wangu.

Kushuka

Jumatano asubuhi mimi nilikosea tena. Nilifungua mlango wa mbele, nikatandika kiti vizuri, nikajificha nyuma ya nyumba ili apande kwa amani. Baada ya nusu saa hakuna aliyepanda. Nilidhani anaogopa. Georgine akaja ananifuata, amechoka na mimi.

"Ataikala kando ya mukwe? Goti yake na goti yako?"

Kumbe ile sehemu ya mbele yenye kiti laini, kwake ilikuwa chumba cha kulala cha mtu mwingine. Alipanda nyuma, juu ya godoro, amenipa mgongo, uso wake ukitazama kule tulikotoka. Georgine akakaa kando yake kumshika. Tukaanza kushuka, gia ya kwanza ndogo, breki za mbele peke yake.

Baada ya ngazi mbili nikagundua kwamba mama yule asiyeona alikuwa anayajua magurudumu kuliko mimi. Alikuwa amekaa juu yake. Alisikia kwa mwili wake gari likianza kulegea kabla mimi sijaona chochote.

"Ambia bwana yako polepole," anasema. Georgine anapaza sauti: "Mama anasema polepole!" Kama vile mimi niko Kasenga. Tukashuka hivyo, maneno yakizunguka kupitia kwa mke wangu, ngazi ya tano, ya nne, ya tatu.

Ile ya pili, ya mshazari, ndiyo ilikuwa na shimo refu. Nikasikia Mama Chanda akisema kitu, kisha Georgine akipiga kelele: "Kushoto! Chini ya kushoto hakuna kitu!" Nikakata usukani kwenda kulia. Wala sikufikiri. Mama alikuwa ananipa mgongo, jamani. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu. Nilikuwa nalipeleka gari zima shimoni, na yeye amelikalia.

Ukingo ukamomonyoka. Nyuma ikaanza kwenda.

"Mukwe! Simama! Simama, mutoto yangu!"

Haikuwa sauti ya Georgine. Nilikanyaga breki kwa miguu miwili. Gurudumu la nyuma la kulia likazama, likazama, nikahesabu pumzi zangu zote, likagusa jiwe chini kabisa na kusimama juu yake. Kwa zile lame saba lisingefika. Tungepinduka sote watatu, nami ningekuwa nimeipiga alama yangu ya L kwenye jeneza la mama mkwe.

Nyuma nilisikia mtu analia taratibu. Kisha nikarudisha usukani kushoto, sentimita kwa sentimita, tukatoka.

Chini, Kabwe alikuwa ametutangulia. Akaniuliza kuhusu zile lame nane kwa macho tu. Nikamwambia achukue. Kuna mhunzi upande ule, atazigeuza majembe, na L yangu italima mihogo. Mama Chanda hakusema neno lingine, si kwangu, si kwa Georgine. Alikuwa amemwita mkwe wake kwa kinywa chake mwenyewe, akamwita na mtoto. Kutoka pale mpaka Kasenga, na Alhamisi nzima kutoka Kasenga mpaka Lubumbashi, alijifunika kitenge usoni. Nilijiambia kwamba nimekwenda kumtoa mtu kwenye aibu moja na nimemrudisha na mbili. Hata pale lilipokuwa limeangukia lile lori, ambapo sasa palikuwa peupe, sikupata raha.

Hospitali

Ijumaa jina lake liliitwa, akaitika. Hilo peke yake lilinitosha kulala usingizi wa mchana kwenye benchi, mdomo wazi, mbele za watu.

Jumamosi asubuhi walimfungua bandeji ya upasuaji. Nilisimama mlangoni, mbali, nikidhani hapo sihesabiwi. Muuguzi akainua vidole viwili mbele ya uso wake.

"Mama, unaona bingapi?"

Mama Chanda alipepesa macho. Alitazama vidole, akatazama dirisha, akatazama mlangoni. Kisha akageuza uso wake wote ukutani na kuvuta kitenge mpaka kichwani. Muuguzi akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, sauti imebadilika, akasema anakwenda kumwita daktari. Safari nzima ile, nikasema. Yote yale bure.

Georgine aliinama, akaweka sikio kwenye kitenge. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni, naye anacheka.

"Anasema, ambia bwana yako atoke ku mulango. Na afunge kifungo ya shati, tumbo yake inaonekana."

Nikatoka kwenda koridoni, nikaketi sakafuni kati ya watu nisiowajua, nikalia, na vidole vikakataa kabisa kukipata kile kifungo.